Nilipoimba Sehemu ya Mke wa Kwanza

Sauti ya mke wa kwanza wa mume wangu niliisikia kwa mara ya kwanza tukiwa mezani, tunakula wali wa nazi na samaki, na ilitoka kwenye simu ya binti yake. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeishi naye kama picha tu. Niliikuta picha yake ukutani sebuleni siku nilipoingia nyumba ile ya Muyeye, hapa Malindi, kama bibi harusi, na sikuwahi kuomba itolewe. Kila Jumamosi niliifuta vumbi pamoja na kioo cha kabati. Mtu akiwa picha hana matata. Hanenepi, hakondi, hajibu neno. Nilikuwa nimemzoea, na kwa kumzoea nikajihesabu mwanamke wa moyo mpana.

Binti yake nilimkuta bado anavaa sare ya shule ya msingi. Nilimlea mpaka akasomea uhasibu, akapata kazi Kilifi, akapata na mchumba huko huko. Mimi ananiita mama mdogo. Neno "mama" peke yake ameliweka kwa yule wa pichani, na hilo pia nilikuwa nimelizoea, au nilidhani nimelizoea.

Harusi ilikuwa imekaribia. Yule binti alikuwa amefungua sanduku la baba yake, akatoa kanda ya zamani, akaipeleka kwa fundi wa redio mjini ambaye aliihamishia kwenye simu. Wimbo wenyewe ni wa Kizungu, wa zile nyimbo za gitaa ambazo Wazungu walizichukua kwa mababu zao wakazitia mdundo wa roki, zikapigwa sana redioni wakati wazazi wetu wakiwa vijana. Unahusu mwanamume aliyerudi kwao baada ya miaka mingi. Anakuta njia imeota nyasi, anasimama nje ya lango na kumwita mkewe. Ubeti wa kwanza ni wa mume anayeita. Ubeti wa pili ni wa mke anayemjibu kutoka ndani. Mwishoni wanaimba pamoja, na msikilizaji haambiwi kama lango lilifunguliwa.

Mume wangu sasa ni fundi wa mafriji, lakini alipokuja Malindi kutoka bara alikuja kupiga gitaa hotelini. Alikuja na yule mkewe. Kila jioni waliwaimbia wageni wakila, na huo ndio ulikuwa wimbo wao. Rafiki yao mmoja aliwarekodi nyumbani kwa redio ya kaseti. Kisha yule mwanamke akaugua, akafariki binti akiwa mdogo, na gitaa likapanda juu ya kabati. Mimi nililikuta huko juu. Mume wangu hulishusha Krismasi tu, tena kwa kuombwa.

Hewa ya chumvi ilikuwa imeila ile kanda. Gitaa lilipanda na kushuka kama mtu aliyelewa, na sauti ya mume wangu ilikuwa inavuma kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Lakini ulipoingia ubeti wa pili, yule mwanamke alitoka. Sauti nyembamba, ya juu, isiyosukumwa. Hata pale kanda ilipokwaruza, yeye alipita.

Mume wangu aliacha kula. Kijiko kilibaki hewani. Nilimtazama akimsikiliza, na nikajua kwamba katika miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumwona na uso ule. Mimi huongea naye huku anatafuta bisibisi.

Wimbo ulipokwisha, binti alisema, "Baba, nataka kuingia ukumbini na wimbo huu. Lakini kanda ndiyo hiyo, umeisikia. Turekodi upya, hapa hapa nyumbani. Wewe upige gitaa na kuimba."

"Na sehemu ya mama yako ataimba nani?"

"Kuna yule dada wa kwaya ya kanisani, wa sauti ya kwanza. Nitamwomba."

Nilimjua huyo dada. Mrefu, ana mwanya, na akiimba hufumba macho akainua kidevu, wanaume wa benchi la mbele wakasahau kwamba wako ibadani. Nikamwona amekaa nyumbani kwangu, magoti yake yanaelekea magoti ya mume wangu, wanaitana na kujibizana langoni, na mimi niko jikoni nawachemshia chai. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitaimba mimi."

Wote wawili walinigeukia.

"Mama mdogo, wewe si sauti ya pili?" binti aliuliza, kwa adabu.

"Sauti ya pili hupanda ikitaka."

Mume wangu alirudi kwenye sahani yake na kuanza kuwatoa samaki miba ambayo nilikuwa nimekwisha kuitoa.

Watu wa kanisani waliposikia walinisifu, wakasema si kila mwanamke angekubali. Sikuwa nimekubali kwa wema. Kati ya kumwonea wivu aliyekufa na kumwonea aliye hai, nilichagua aliyekufa, kwa sababu nilidhani huyo ndiye rahisi.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba changu cha kushonea kiko nyuma ya nyumba, kina cherehani, meza ya kukatia na kamba nilizotundika nguo za watu. Siku zile nilikuwa nashona magauni ya wasimamizi wa harusi. Nilitia visikizio masikioni, nikawa nashona huku namsikiliza. Nimelelewa Kaloleni, katika shule ya misheni, na mwalimu wetu wa kwaya alitufundisha kujifunza wimbo kwa kuanza na pumzi: ujue mwimbaji anavuta wapi, maneno yatakuja yenyewe. Basi nikaanza na pumzi zake. Nikajua kwamba huvuta hewa mapema kuliko inavyohitajika, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Nikajua kwamba neno la mwisho la kila mstari huliachia kabla halijatimia. Kwa muda wa kushona magauni yale nilimjua kuliko nilivyowajua dada zangu, na kadiri nilivyomjua ndivyo nilivyomchukia, kwa sababu alikuwa mzuri kweli. Ningempata na kasoro ningempenda.

Na kulikuwa na kile kicheko. Kabla ya beti za mwisho, gitaa likiwa linapiga peke yake, mume wangu anasikika akisema kitu kwa lugha ya kwao, maneno machache tu. Yule mwanamke anacheka, kicheko kifupi cha puani, halafu anaingia kuimba huku kicheko bado kiko kooni. Mimi lugha yao siijui. Nilikirudia kipande kile mpaka nikayashika maneno bila kujua maana yake.

Siku moja mume wangu alipokuja kuniletea uzi nilimvulia kisikizio kimoja. "Hapa ulimwambia nini?"

"Wapi?"

"Hapa, anapocheka."

"Sikumbuki."

"Sikiliza basi."

Alisikiliza, kichwa kimeinama. Akatabasamu. "Ahaa. Nilimwambia amekanyaga waya wa redio."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Alinipa uzi akaondoka. Sikumwamini, kisha nikamwamini, na kumwamini kukawa kubaya zaidi. Kama angekuwa amemwambia neno la mapenzi ningeelewa. Lakini mwanamke anaambiwa amekanyaga waya na anacheka namna ile! Mimi ameniambia mara ngapi nimekanyaga kitu chake, msumari, bomba, kipande cha friji ya mtu, na sijawahi kucheka. Nami huwa namjibu kwamba hapa si karakana.

Tulirekodi Jumamosi alasiri, katika chumba changu cha kushonea. Ni binti aliyekichagua. Alipiga makofi katika kila chumba akisikiliza, akasema nyumba nzima ina mwangwi isipokuwa pale, kwa sababu ya vile vitambaa. Tuliegemeza godoro dirishani. Tulizima feni. Simu aliiweka juu ya cherehani, imelazwa kwenye mto wa pini zangu ili isitikisike, na kompyuta yake akaiweka mezani penye mkasi na chaki. Baada ya muda mfupi joto lilikuwa limetushika sote shingoni.

Alitueleza utaratibu. Kwanza baba yake apige gitaa peke yake. Kisha aimbe juu ya gitaa lile, akilisikiliza masikioni. Kisha mimi. Vyote angeviunganisha.

Gitaa lilichukua muda mrefu, na si kwa kosa la mpigaji. Kunguru walitua kwenye mabati wakagombana. Muuza maji alipita na mkokoteni wake akiwaita wateja. Jirani alimwita mtoto wake, mtoto hakuitika, akamwita tena. Kisha ikaja adhana ya alasiri, tukatulia mpaka ikaisha, na mume wangu akatumia nafasi ile kukaza nyuzi. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vya ufundi wa friji, vigumu, lakini alipouanza ule wimbo vilikumbuka. Aliimba ubeti wa kwanza akitazama sakafu. Sauti yake ilikuwa imeshuka tangu siku za ile kanda, na mimi niliiona nzuri zaidi hivyo, lakini hakuna aliyeniuliza.

Ikafika zamu yangu.

Niliimba nusu ya mstari, binti akainua mkono. "Mama mdogo, pale Mama alikuwa anashusha."

Nikashusha.

"Si sana. Kidogo tu."

Nikarudia. Akainua mkono tena. "Neno la mwisho usilivute. Mama hakuwa akilivuta."

"Najua."

"Na pale katikati Mama alikuwa kama ana..."

Nilivua visikizio. "Basi muite yeye aje aimbe."

Niliyasema yale kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apewe mkasi. Binti alinitazama. Akaifunga kompyuta, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake polepole kwa sababu ya gauni moja lililotundikwa pale mlangoni.

Mume wangu aliliegemeza gitaa ukutani. "Ni mtoto tu. Anaolewa na mama yake hayupo."

"Mimi niko."

"Najua uko."

"Hujui. Tangu siku ya ile kanda mko watatu humu ndani, na mimi nawapikia."

Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye ndevu. "Mimi sikukuomba uwe yeye," alisema.

"Hukuniomba. Ulinyamaza. Wala hukusema, 'Mke wangu, imba kwa sauti yako, sote tunaijua.' Ulinyamaza ukawa unatoa samaki miba."

"Nilifikiri ukiimba kwa sauti yako atalia."

"Na nikiimba kwa ya mama yake?"

Binti akarudi, macho mekundu, amebeba mtungi wa maji ya barafu na bilauri tatu. Alinimiminia mimi kwanza. "Samahani, mama mdogo. Imba unavyotaka. Sitasema kitu tena."

Hapo mtu mwema angeimba kwa sauti yake mwenyewe, akamaliza mambo. Mimi nilikunywa yale maji, nikavaa visikizio, nikamwambia, "Washa." Na nikawapa marehemu wao. Nilivuta hewa mapema kama mtu anayeogopa kuchelewa. Niliipandisha sauti mpaka ikawa nyembamba, nikaiachia isisukumwe. Kila neno la mwisho nililiacha kabla halijatimia. Na gitaa lilipobaki peke yake, kabla ya beti za mwisho, nilicheka. Kicheko kifupi cha puani, nikaingia na kicheko kikiwa kooni. Nilifanya hivyo kwa uchungu, kama mtu anayesema: mlitaka huyu, haya, mchukueni. Nilikuwa nawatazama nyuso wakati naimba.

Binti alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Wimbo ulipokwisha alisema, "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo hasa," akaja kunikumbatia, na machozi yake yakalowesha bega langu. Mume wangu alisimama akatoka nje. Kupitia mwanya kati ya godoro na dirisha nilimwona yuko bombani, anajinawisha uso. Alinawa, akasimama, akanawa tena.

Nilikuwa nimeshinda na sikujua nimeshinda nini. Mume wangu alikuwa amelia kwa ajili ya sauti iliyotoka kinywani mwangu, na hakuwa amenililia mimi.

Siku zilizofuata aligeuka kuwa mpole. Aliniletea maembe kutoka Gede alikokwenda kutengeneza friji ya duka. Aliliita jina langu kutoka mlangoni akiingia, jambo aliloliacha zamani. Mwanamke mwingine angefurahi. Upole ule ulinichoma, kwa sababu sikujua anamletea nani. Niliyakata yale maembe nikampa jirani nusu.

Harusi ilifanyika Malindi, na ndugu wa marehemu walishuka kutoka bara. Aliyewaongoza alikuwa dada mkubwa wa marehemu, ambaye binti humwita mama mkubwa. Mama mtu mzima, mnene, wa kitambaa kichwani na fimbo mkononi. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akanishika mkono na kuuweka kati ya mikono yake akinishukuru kwa kumlea mtoto wao. Nilimpenda. Nilikuwa nimeogopa kwamba angenipima kwa macho, na hakunipima.

Pale ukumbini, bibi harusi alipoingia akiwa ameshikwa mkono na baba yake, spika zikafunguliwa. Likaanza gitaa. Ubeti wa kwanza, mume wangu. Watu wakapunga leso. Ukaingia ubeti wa pili, na kwenye meza ya wageni wa bara nikamwona mama mkubwa ameinuka. Hakuichukua fimbo. Alisimama ameshika ukingo wa meza, na mdomo wake ulikuwa unasema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya muziki. Wenzake wawili walimshika. Kilipofika kicheko alipiga ukelele, ukumbi mzima ukageuka.

Nilimfuata muziki ulipozimwa. Nilimkuta amekaa, anajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, na wanawake wanampepea.

"Sauti ya mdogo wangu," alikuwa akiwaambia. "Mmesikia? Kanda ilikuwa imeharibika, niliambiwa imeharibika. Nani ametengeneza? Mtafuteni huyo kijana nimpe mkono." Aliponiona akanivuta. "Umemsikia mdogo wangu?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimevumilia sauti yangu kuazimwa kwa ajili ya marehemu, na pale, mbele ya watu, kazi yangu ilikuwa inapewa mtu mwingine. Nikasema, "Mama, aliyeimba ni mimi."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha wakati usiofaa.

"Ni mimi. Tulirekodi nyumbani, kwenye chumba changu cha kushonea. Bibi harusi mwenyewe atakwambia."

Aliniachia mkono. "Hiyo ni sauti ya mdogo wangu."

"Nilijifunza kwenye kanda."

"Na kucheka?"

"Na kucheka pia."

Wale wanawake waliacha kupepea. Mama mkubwa alinitazama muda, na sasa ndipo aliponipima, kutoka kwenye kilemba hadi viatuni. "Nani alikupa ruhusa ya kucheka kicheko cha mtu?" aliuliza. "Kuimba, sawa, wimbo ni wa kila mtu. Bwana ulichukua, ni haki yako, alikuwa amebaki peke yake. Mtoto ulilea, nimekushukuru. Lakini kicheko! Hicho ndicho kilikuwa kimebaki kwetu."

Siku zile zote nilikuwa nimejiona mimi ndiye ninayenyang'anywa. Haikunijia hata mara moja kwamba yupo mtu mwingine mwenye wivu juu ya yule mwanamke, na kwamba mbele ya macho ya huyo mimi ndiye mwizi. Nilirudi mezani kwangu. Pilau lililetwa, nikalila bila kusikia chumvi yake. Mume wangu aliniuliza nini kimetokea, nikamwambia mama mkubwa amechoka na safari.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nafagia uwanja, nilimwona anakuja kwa fimbo yake, peke yake. Basi lao lilikuwa linaondoka baadaye siku ile. Nilimkaribisha, nikamletea kiti, akasema hakuja kukaa. Kisha akakaa.

"Nataka kusikia ile ya zamani," alisema. "Hata kama imeharibika."

Mume wangu alikuwa amekwenda kurudisha viti vya watu. Nilimpeleka kwenye chumba cha kushonea, nikamfungulia kwenye simu yangu. Gitaa lile la kulewa likaanza. Alisikiliza ameegemeza kidevu juu ya fimbo. Nami nilisikiliza, kwa mara ya kwanza tangu siku tuliyorekodi, na nilishangaa. Nilikuwa nimeamini kwamba nimemwiga pasibaki kitu. Lakini kwenye kanda yule mwanamke alikuwa msichana. Alikuwa na uoga mdogo nyuma ya sauti, wa mtu aliye mbali na kwao. Alipocheka, alicheka kwa sababu alikuwa amekanyaga waya na ameona haya. Kicheko changu mimi kilikuwa cha mwanamke mwenye hasira. Sijui ni nani asingesikia tofauti ile, isipokuwa mtu aliyetamani sana asiisikie.

"Huyu ndiye," alisema mama mkubwa. "Wewe una nguvu. Yeye hakuwa na nguvu. Akiwa anaimba, mimi nyuma nafunga mikono hivi, naomba asidondoke." Alinionyesha mikono iliyofungwa. Baadaye akasema, "Jana nilikukosea mbele ya watu."

"Nilikuumiza kwanza, mama."

"Uliniumiza sana," alisema, bila kunipunguzia.

Aliomba kanda yenyewe, si ile ya kwenye simu. Nilimwambia si yangu kutoa, asubiri mwenyewe arudi. Mume wangu aliporudi nikamweleza. Alikwenda chumbani, akakaa huko kwa muda, akatoka na kanda ameifunga kwa kitambaa cha kufutia gitaa, akampa kwa mikono miwili. Ikaondoka na basi kwenda bara. Nilifurahi ilipoondoka, na sitasema nilifurahi kwa ajili ya mama mkubwa. Nilifurahi kwamba sanduku la mume wangu limepungua.

Wimbo tuliorekodi bado anao binti, Kilifi. Alinipigia simu akaniambia mama mkwe wake aliusikia akauliza ni nani anayeimba, naye akamjibu ni mama mdogo. Nilimuuliza, "Ulimjibu hivyo bila kufikiri?" Akasema, "Nifikiri nini?" Sikumweleza. Alisema pia kwamba angependa siku moja turudie, kwa sauti yangu, nikamwambia tutaona. Wivu wangu haujaisha. Picha bado naifuta vumbi Jumamosi, lakini sasa najua alivyokuwa akivuta pumzi, na mtu ukishamjua pumzi humfuti harakaharaka.

Gitaa halikurudi juu ya kabati. Jioni moja mume wangu alikaa nalo kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mimi nikiwa nakuna nazi kwenye mbuzi, akaniuliza nataka anipigie nini. Hakuwa amewahi kuniuliza swali hilo. Nikaanza kumwimbia wimbo ambao mama yangu alikuwa akiuimba akitwanga mahindi kule Kaloleni, wa Kigiriama, wa mwanamke anayewasuta wanaokuja kula bila kusaidia kutwanga. Niliuimba kwa sauti yangu ya pili, nzito, ya kifuani.

Alitafuta nyuzi zake. Akakosa. Akajaribu tena, akaingia mapema.

"Ngoja," nilimwambia. "Mchi haujashuka bado."

"Nitajuaje umeshuka?"

"Nitazame mkono."

Akanitazama mkono uliokuwa unakuna nazi. Alikosea tena, mara hii kwa kuchelewa, akatukana kwa lugha ya kwao. "Huu wimbo hauna mlango," alisema. "Mtu anaingilia wapi?"

"Una mlango. Anza upya."